HATAZA: NANI ASHIKE UFUNGUO?



Muhula uliopita chama chetu cha mdahalo kilijadili hoja hii: "Yapasa mtaalamu wa Chuo Kikuu atoe uvumbuzi wake bure, asiutilie hataza." Hoja ilipita kwa kura nyingi. Msemaji mkuu alishangiliwa sana aliposema kwamba elimu ni kama kisima cha kijiji, na mtu akitiaye kufuli ni mwizi. Mimi nilisema upande wa kupinga, nasi tukashindwa. Siandiki makala haya ili nirudie mashindano, maana yalikwisha na tukapeana mikono. Naandika kwa sababu baada ya mdahalo wengi walinijia wakiuliza, "Lakini hiyo hataza yenyewe ni kitu gani?" Hao walikuwa wamekwisha kupiga kura! Tena, baadhi yetu mwakani, Mungu akipenda, watakuwa Makerere au kwingineko, na huko jambo hili si la mdahalo tena. Ni la maisha ya watu.

HATAZA NI NINI

Hataza ni hati ya serikali anayopewa mvumbuzi. Ni kama mapatano. Serikali humwambia: "Tueleze kazi yako yote waziwazi, usifiche kitu, hata fundi mwingine akisoma aweze kuitengeneza. Nasi tutakupa haki ya kuwazuia wengine wasiitengeneze wala wasiiuze bila ruhusa yako, kwa muda maalum." Siku hizi muda huo katika nchi nyingi ni miaka 20 tangu siku ya kupeleka maombi. Miaka ikiisha, haki ile huisha, na kila mtu yu huru kuutumia uvumbuzi huo.

Angalieni basi kwamba hataza si siri. Mganga wa mitishamba afichaye dawa yake mpaka akafa nayo hakuwa na hataza. Elimu yake imezikwa pamoja naye. Mwenye hataza, yeye amekwisha kuandika kila kitu, na maandishi yake yawekwa mahali pa kusomwa na watu wote.

Si kila kitu chaweza kupata hataza. Yatakiwa mambo matatu. Kwanza, kiwe kipya, yaani kisiwe kimekwisha kujulikana mahali popote. Pili, kisiwe kitu ambacho fundi yeyote wa kazi ile angekifikiri mara moja. Tatu, kiwe na matumizi katika viwanda, kilimo, uganga au kazi nyingine. Mtu aliyegundua kanuni ya maumbile, kama ile ya mwanga au ya uzito, hawezi kupata hataza ya kanuni hiyo. Lakini aliyetumia kanuni hiyo kutengeneza chombo aweza kuipata ya chombo chake.

Tena, hataza haivuki mpaka. Iliyotolewa Marekani haina nguvu Uganda, na iliyotolewa Uganda haina nguvu Marekani. Mwenye kutaka ulinzi katika nchi kumi hana budi kuuomba kwa ajili ya nchi kumi. Kwa upande wetu wa Afrika liko shirika liitwalo ARIPO, lenye makao yake mjini Harare. Kwa mapatano yaliyofanywa huko mwaka 1982, mtu aweza kupeleka ombi moja tu na kutaja nchi kadhaa anazozitaka. Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda zimo katika shirika hilo.

Neno la mwisho katika sehemu hii ndilo kubwa kuliko yote. Hataza humpa mtu haki ya kuzuia, lakini haimlazimishi kuzuia. Mwenye hataza aweza kumpa mwingine ruhusa, nayo huitwa leseni. Aweza kuitoa bure, au kwa malipo yaitwayo mrabaha. Aweza kumpa mtu mmoja peke yake, au kuwapa wote waombao. Ndiyo maana mimi nailinganisha hataza na ufunguo. Ufunguo hufunga mlango, na ufunguo ule ule huufungua. Kabla hatujausifu au kuulaani, yafaa tuulize umo mkononi mwa nani, na huyo ameahidi nini.

HABARI YA INSULINI

Kabla ya mwaka 1922 mtoto aliyepatwa na ugonjwa wa kisukari hakuwa na tumaini. Waganga waliweza kumnyima chakula tu ili aishi miezi michache zaidi. Mwaka 1921, katika Chuo Kikuu cha Toronto nchini Kanada, daktari kijana Frederick Banting, akisaidiwa na mwanafunzi Charles Best, alianza kutafuta dawa ndani ya kongosho za mbwa. Maabara ilikuwa ya Profesa Macleod. Mwishoni mwa mwaka akaongezwa mtaalamu wa kemia, James Collip, ili aisafishe dawa.

Mnamo tarehe 11 Januari 1922 mvulana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa sindano ya kwanza katika hospitali ya Toronto. Haikumfaa, kwa kuwa dawa ilikuwa na uchafu. Collip alifanya kazi usiku na mchana, na tarehe 23 Januari mvulana akadungwa dawa iliyosafishwa. Sukari katika damu yake ikashuka, nguvu zikaanza kumrudia. Aliishi miaka 13 zaidi.

Sasa likaja swali letu. Je, watu hawa wachukue hataza? Banting alikuwa daktari aliyekula kiapo, akaona si adabu ya daktari kujitajirisha kwa dawa ya wagonjwa. Lakini hatari ilikuwapo mlangoni. Kama wao wangetangaza njia yao bila kuilinda, tajiri yeyote angeweza kuongeza kitu kidogo, akaitilia hataza yake, kisha akawazuia hata wao wenyewe. Tena mtu mwingine angeweza kuuza dawa chafu kwa jina la insulini na kuwaua watu. Basi wakaamua kuchukua hataza ili mtu mwingine asiweze kuifunga njia.

Mwezi Januari 1923 Banting, Best na Collip wakauuzia Chuo Kikuu cha Toronto haki yao kwa dola 1 kila mmoja. Msomaji, usidhani nimesahau sifuri. Ni dola moja, ya kutimiza sheria ya mauzo tu. Chuo kikaunda kamati ya kuushika ufunguo huo. Kampuni ya Eli Lilly ya Indianapolis, iliyokuwa na viwanda vikubwa, ilipewa mwaka mmoja tu wa kuwa peke yake Marekani, kwa kuwa kutengeneza insulini kwa wingi kulikuwa kumewashinda watu wa Toronto kwa majuma kadhaa. Mwaka ule ulipokwisha makampuni mengine nayo yakaruhusiwa, mradi dawa yao ipimwe na kuonekana safi. Haki ya Uingereza ikapewa baraza la utafiti wa uganga la huko. Kutoka Denmark akaja Profesa August Krogh, ambaye mkewe Marie alikuwa na kisukari. Naye akapewa ruhusa, akarudi kwao na kuanzisha kazi ya kutengeneza insulini mwaka 1923. Hivyo kabla miaka miwili haijaisha tangu ile sindano ya kwanza, dawa ilikuwa ikitengenezwa pande mbili za bahari ya Atlantiki.

Linganisheni na habari ya penisilini. Alexander Fleming aliigundua London mwaka 1928, na wataalamu wa Oxford, chini ya Howard Florey na Ernst Chain, wakaifanya kuwa dawa ya kuponya watu miaka ya 1940 na 1941. Chain alitaka hataza ichukuliwe. Wakubwa wa sayansi wa Uingereza wakakataa, wakisema si heshima. Mwaka 1941 Florey na mwenziwe Heatley wakaenda Marekani kuomba msaada wa kuitengeneza kwa wingi. Huko, katika maabara ya serikali mjini Peoria, Andrew Moyer akapata njia bora za kuikuza, naye akaziandikishia hataza kwa jina lake, hata Uingereza. Waingereza walijifunza. Mwaka 1948 Bunge lao likatunga sheria ya kuunda shirika la kulinda uvumbuzi utokao katika utafiti wa umma.

Kwa hiyo rafiki yangu aliyesema habari ya kisima, namjibu hivi: kisima kisicho na mwenyewe si lazima kibaki cha kijiji. Huenda akaja mtu akajenga ukuta kukizunguka, na hati mkononi anayo.

FEDHA YA UTAFITI NA HATARI YAKE

Njia nyingine ilionekana katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani. Profesa Harry Steenbock aligundua kwamba chakula kikiangaziwa miale ya urujuanimno hupata vitamini D, ile iwazuiayo watoto wasipate matege. Alitoa dola 300 hivi mfukoni mwake ili kuomba hataza. Kampuni moja ya vyakula ilimwahidi karibu dola milioni 1 kwa haki hiyo. Alikataa. Alitaka faida irudi katika utafiti wa Chuo kilichomlea.

Hapa nawaomba wazee wa shule wasikilize kwa makini. Mwaka 1925 wanafunzi wa zamani 9 wa Chuo hicho walichanga dola 100 kila mmoja, wakaanzisha mfuko wa kushika hataza za Chuo, uitwao WARF. Mfuko huo upo hata leo, nao umelipia utafiti mwingi. Mojawapo ya matunda ya utafiti huo ni dawa ya warfarin, iliyotumiwa kwanza kuua panya, kisha ikawa dawa ya watu wenye damu igandayo ovyo. Jina lake limetokana na herufi za mfuko ule.

Lakini sitaki kuwaeleza upande mmoja tu. Jimbo la Wisconsin ni jimbo la wafugaji na siagi. Mfuko ule ulikataa kuwapa leseni watengenezaji wa majarini, yaani siagi ya mafuta ya mimea, ili wasishindane na siagi ya ng'ombe. Na majarini ndiyo siagi ya maskini, ambao watoto wao ndio walioshikwa na matege kuliko wengine. Katika miaka ya 1940 jambo hilo lilifika katika mahakama ya rufani, na majaji wakaona hataza zile hazistahili kusimama. Hawakuacha kutaja habari ya majarini ya maskini. Tunaona basi kwamba hata ufunguo ulioshikwa na Chuo, kwa ajili ya elimu, waweza kumfungia mlango mwenye haja kuliko wote.

WAKATI WA KUOMBA, NA NAMNA YA KUTOA RUHUSA

Mwaka 1973 Stanley Cohen wa Chuo Kikuu cha Stanford na Herbert Boyer wa Chuo Kikuu cha California walitangaza katika jarida la sayansi njia ya kukata vinasaba vya kiumbe kimoja na kuviunga ndani ya bakteria. Walikuwa hawajaomba hataza. Ofisa wa Stanford aliyeshughulika na mambo hayo alikuja kupata habari baadaye. Sheria ya Marekani huruhusu mwaka mmoja baada ya kutangaza, basi maombi yakapelekwa Novemba 1974, siku chache tu kabla mwaka haujatimia. Lakini nchi nyingine nyingi hazina huruma hiyo. Huko, jambo lililokwisha kuchapishwa si jipya tena. Haki yote ya nje ya Marekani ikapotea.

Hata hivyo Stanford ilifanya jambo la busara. Haikumpa mtu mmoja leseni. Iliwapa wote walioomba, kwa ada ambayo hata kampuni ndogo iliiweza. Mpaka hataza ilipokwisha mwaka 1997, makampuni 468 yalikuwa yamechukua leseni, na Vyuo vile viwili vilikuwa vimepata dola milioni 255 hivi. Utafiti haukukwama, wala utajiri haukukataliwa. Na kwa njia hiyo hiyo ya kuunga vinasaba, bakteria zilifundishwa kutengeneza insulini ya binadamu, ikaanza kuuzwa mwaka 1982. Kabla ya hapo insulini yote ilitoka katika kongosho za ng'ombe na nguruwe.

Hapo pana somo lingine. Zawadi ya Banting ya dola 1 ililinda insulini ya wakati wake tu. Kila njia mpya na kila kalamu mpya ya kujidungia iliyokuja baadaye ilipata hataza yake, mikononi mwa wenyewe. Leo makampuni matatu makubwa yanashika sehemu kubwa sana ya biashara ya insulini duniani. Dada yangu mdogo ana kisukari. Chupa yake tunaiweka ndani ya chungu kilichozungukwa na mchanga wenye unyevu, maana nyumbani hakuna jokofu, na baba hununua nyingine kwa fedha ya kahawa. Kahawa ikishuka bei, nyumbani kwetu hakuna aulizaye sababu ya baba kunyamaza. Nayasema haya ili msidhani kwamba habari za hataza ni za Toronto na Stanford peke yake.

HABARI YA CHUO KIKUU CHA YALE

Mwaka 1980 Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayoitwa kwa majina ya maseneta wawili, Bayh na Dole. Iliruhusu Vyuo Vikuu kumiliki uvumbuzi uliotokana na utafiti uliolipiwa na serikali, na kuutolea leseni. Kabla ya hapo uvumbuzi mwingi wa namna hiyo ulibaki katika makabati ya serikali bila kutumiwa. Tangu hapo karibu kila Chuo kikubwa kikawa na ofisi ya hataza.

Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Yale, William Prusoff na Tai-shun Lin, waliona kwamba dawa iitwayo d4T huzuia virusi vya UKIMWI. Dawa yenyewe ilikuwa imetengenezwa zamani, katika miaka ya 1960, na mtaalamu mwingine, Jerome Horwitz, aliyekuwa akitafuta dawa ya saratani. Yale ikachukua hataza ya matumizi hayo mapya, kisha ikaipa kampuni ya Bristol-Myers Squibb leseni ya peke yake. Dawa ikaanza kuuzwa mwaka 1994, na Chuo kikapata mamilioni ya dola kila mwaka.

Wakati huo nchi zetu zilikuwa zikizika watu. Sina haja ya kuwaeleza wasomaji wa Uganda. Kila ukoo unayo makaburi yake ya miaka ile. Dawa za kumtunza mgonjwa mmoja kwa mwaka mzima zilifika dola 10,000 na zaidi. India, kwa kuwa sheria yake ya siku zile haikutoa hataza za dawa zenyewe, viwanda vyake viliweza kuzitengeneza. Mwezi Februari 2001 sheria hiyo ya India ya miaka ya 1970 ikazaa tunda lake: kampuni ya Cipla ilitangaza kwamba ingewauzia Madaktari Wasio na Mipaka dawa tatu za mwaka mzima kwa dola 350. Mojawapo ya dawa hizo ilikuwa d4T.

Lakini Afrika ya Kusini hataza ya Yale ilikuwa na nguvu. Madaktari Wasio na Mipaka wakakiandikia Chuo kuomba ruhusa ya kuingiza dawa ya India. Chuo kikajibu kwamba kimekwisha kutoa leseni ya peke yake, kwa hiyo ruhusa hiyo si yake kuitoa. Fikirini, ndugu zangu! Mwenye nyumba aulizwa kama maskini waweza kuingia, naye ajibu kwamba ufunguo alikwisha kumpa mwingine.

Wanafunzi wa Yale hawakunyamaza. Walikusanya sahihi za wenzao na za walimu. Mzee Prusoff mwenyewe alitangaza katika gazeti kwamba angependa dawa yake iwafikie Waafrika, hata bila malipo. Mwezi Machi 2001 kampuni ile ikatangaza kwamba haitaizuia dawa ya India katika Afrika ya Kusini, na kwamba itashusha bei ya dawa yake yenyewe barani Afrika hata senti 15 za dola kwa siku. Mwaka huo huo wanafunzi hao walianzisha umoja wa kuvitaka Vyuo Vikuu vifikiri habari za dawa za maskini kabla ya kutoa leseni, na umoja huo ulienea katika nchi nyingi. Dawa ya Cipla iliyounganisha dawa tatu katika kidonge kimoja ilikuja mpaka kwetu Uganda, nayo ilitumiwa na wagonjwa wengi. Siku hizi d4T haitumiwi tena, kwa kuwa ilikuwa na madhara mwilini, na tangu 2009 Shirika la Afya Duniani limeshauri iachwe. Lakini wako watu walio hai leo kwa sababu waliimeza wakati hapakuwa na nyingine.

Naliona jambo moja katika habari hii. Kosa halikuwa katika hataza. Toronto nayo ilikuwa na hataza. Tofauti ilikuwa katika mkataba. Toronto ilitoa ruhusa kwa mwaka mmoja, ikabaki na ufunguo. Yale ilitoa ufunguo wote, na siku ulipohitajiwa ikabidi uombwe kwa makelele. Mstari mmoja tu, ulioandikwa siku ya kutia sahihi, ungalitosha: kwamba katika nchi maskini mtu yeyote aweza kuitengeneza na kuiuza dawa hii. Kampuni isingalipoteza faida kubwa, maana maskini hakuwa mnunuzi wake. Tangu hapo baadhi ya Vyuo vimeanza kuandika mistari ya namna hiyo, na mwaka 2007 Vyuo kadhaa vya Marekani, Stanford miongoni mwao, vilitoa waraka wa mambo 9 ya kufikiri kabla ya kutoa leseni, na haja za nchi maskini zimo.

YATUPASAYO SISI

Mtu aweza kuuliza, haya yatuhusu nini sisi tungali katika madawati? Yatuhusu. Mwaka 2018 kijana wa Uganda, Brian Gitta, pamoja na wenziwe waliosoma Makerere, alipata tuzo ya uhandisi ya Afrika kwa chombo kinachopima malaria bila kutoa damu. Alikuwa na miaka 24. Miaka mitano tu kutoka umri wangu! Basi ninayo maneno manne kwa yule kati yetu atakayefika huko.

La kwanza, andika kazi yako katika daftari lenye kurasa zisizong'oka, na kila siku utie tarehe. Daftari ni shahidi asiyesahau.

La pili, usikimbilie kutangaza. Mtu akivumbua kitu hutamani kukisema katika mkutano, gazetini, au kwa simu yake kwa marafiki elfu. Ukishatangaza, katika nchi nyingi umekwisha kuipoteza haki yako, na Chuo chako hakiwezi kukuokoa. Nenda kwanza katika ofisi ya Chuo. Vyuo vyetu navyo vimejiandikia kanuni za mambo haya. Ukishapeleka maombi, mapatano ya Paris ya 1883 hukupa miezi 12 ya kuomba katika nchi nyingine ukihesabiwa kwa tarehe yako ya kwanza. Haraka haraka haina baraka, lakini ngoja ngoja nayo huumiza matumbo.

La tatu, soma kwanza kabla hujaweka sahihi. Ukifanya kazi pamoja na Chuo cha ng'ambo, uliza mapema, kabla ya kazi kuanza, ni majina ya nani yatakayoandikwa kuwa wavumbuzi, na mrabaha utagawanywaje. Kuuliza mapema si utovu wa adabu. Kulalamika baadaye ndiko kunakoharibu urafiki.

La nne, uliza leseni ni ya mmoja au ya wengi, ni ya miaka mingapi, na je, kijiji chako kitaweza kuinunua dawa ile? Kama kazi ni ngumu, na hakuna kampuni itakayokubali kuifanya bila kuwa peke yake, basi ipewe upeke huo, lakini kwa muda na kwa masharti. Sheria ya biashara ya dunia yenyewe imeziruhusu nchi zilizo maskini kabisa, na Uganda imo, zisitoe hataza za dawa mpaka tarehe 1 Januari 2033. Lakini ruhusa hiyo haitufai sana ikiwa dawa yenyewe imefungwa katika nchi yenye viwanda vya kuitengeneza. Ndiyo maana mkataba wahitaji kufikiri mbali kuliko mpaka wetu.

Nanyi wazee wa shule, miongoni mwenu wamo mawakili, madaktari, walimu wa Vyuo na watu wa benki. Wale tisa wa Wisconsin hawakuwa matajiri wa ajabu. Walichanga dola 900 tu. Sisi hatuombi fedha. Twaomba mmoja wenu aje siku moja ya Jumamosi, alete mkataba wa leseni wa kweli, atufundishe kuusoma mstari kwa mstari. Tumefundishwa kusoma mashairi na ramani. Karatasi za namna hii hatujafundishwa, nazo ndizo tutakazowekewa mbele siku moja, pamoja na kalamu.

Mwanafunzi wa Kidato cha Sita